Mbu wa Mvua na Mbu wa Shimo: Hewa ya Pwani na Maradhi ya Matende

Katika Kenya, matende yaletwayo na mbu ni maradhi ya Pwani. Mtu aliyezaliwa Nyeri au Kericho aweza kuzeeka bila kumwona jirani aliyepatwa nayo kijijini kwake, lakini mzee wa Likoni, wa Kisauni au wa Changamwe hahitaji kuelezwa ni kitu gani. Amekwisha kuona mguu uliovimba mpaka ngozi ikawa nene, ngumu na yenye mikunjo kama ngozi ya ndovu. Amekwisha kusikia pia habari za mabusha, ambayo wanaume wengi huyaficha ndani ya kikoi mpaka yakawazuia kwenda shamba au kupanda ngazi ya ofisi. Basi mtu mwenye kufikiri hana budi kuuliza: kwa nini maradhi haya yamekaa Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana na Lamu, yakaiacha milima ya bara?

Majibu ya watu ni mengi. Wako wasemao kuwa ni uchawi, na wako wasemao kuwa ni urithi wa ukoo. Wengine husema kwamba mabusha huletwa na kunywa madafu, na hao husimama juu ya hoja yao kwa nguvu: tazama, husema, palipo na minazi mingi ndipo palipo na mabusha mengi. Jambo waliloliona ni la kweli, ila sababu waliyoitoa siyo. Mnazi hustawi penye joto, unyevu na bahari karibu, na mbu naye hustawi penye joto na unyevu. Mnazi na mbu hupenda hewa moja, na ndiyo sababu huonekana pamoja. Madafu hayana hatia.

MNYOO NA MBU

Matende na mabusha huletwa na minyoo myembamba kama uzi, ikaayo ndani ya mishipa ya limfu, yaani ile mishipa ichukuayo majimaji ya mwili na kuyarudisha katika damu. Mnyoo mmoja aweza kuishi humo miaka 6 mpaka 8, na katika muda huo jike huzaa vitoto vingi mno, visivyoweza kuonekana ila kwa hadubini. Vitoto hivyo huingia katika damu. Mchana hujificha ndani zaidi ya mwili, na usiku hutokea katika mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, hasa kati ya saa nne ya usiku na saa nane. Huo ndio wakati mbu wa nyumbani wanapouma.

Aliyegundua kazi ya mbu katika jambo hili ni daktari Patrick Manson, aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Amoy, nchi ya China. Mwaka 1877 aliona kwamba vitoto vya minyoo vilivyonyonywa pamoja na damu vilikuwa vikikua ndani ya mwili wa mbu. Lakini hata yeye alikosea jambo moja. Alidhani kuwa mbu hufa majini, na mtu hupata maradhi kwa kunywa maji hayo. Ilipofika mwaka 1900 ndipo mwanafunzi wake, George Carmichael Low, alipoonyesha kuwa minyoo ile michanga husafiri mpaka kwenye mdomo wa mbu. Kwa hiyo maradhi hupitia katika ngozi, wala si katika kikombe.

KAZI YA JOTO NA UNYEVU

Hapa ndipo hewa inapoingia. Mbu akimnyonya mtu mwenye vitoto vya minyoo katika damu, hawezi kumwambukiza mtu mwingine usiku ule ule. Vitoto vile sharti vikue kwanza ndani ya mwili wake, na katika joto kama la Mombasa kazi hiyo huchukua siku 10 mpaka 14. Mbu mwenyewe maisha yake ni mafupi. Wengi hufa kabla ya majuma hayo mawili kutimia. Basi kuna mashindano kati ya umri wa mbu na kukua kwa mnyoo. Mahali penye baridi mnyoo hukua polepole, na mbu hufa kabla ya mzigo wake kuiva. Mahali penye joto mnyoo huiva upesi, na mbu huwahi kuufikisha kwa mtu. Hiyo ni sababu moja kubwa ya nyanda za juu kusalimika.

Unyevu nao una kazi mbili. Kwanza, hewa yenye unyevu humwongezea mbu maisha, hali hewa kavu humkausha na kumwua mapema. Pili, mnyoo mchanga hauchomwi ndani ya damu kama dawa ya sindano. Huangushwa juu ya ngozi mbu anapouma, kisha hujitafutia njia katika tundu lililoachwa na mdomo wake. Ngozi na hewa zikiwa kavu, mnyoo aweza kunyauka kabla ya kupata mlango. Ngozi ikiwa na jasho, kama ilivyo kawaida katika usiku wa Pwani, safari yake huwa nyepesi.

MISIMU NA UDONGO

Watu wa Pwani huhesabu mwaka kwa pepo na mvua. Masika huanza kwa kawaida mwezi wa Aprili, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Baadaye kusi huendelea kuvuma na joto hupungua. Vuli huja kuanzia Oktoba, kisha kaskazi huleta miezi ya ukavu na joto kali mpaka Machi. Kila mkulima anajua kwamba mbu huongezeka baada ya masika, na tena baada ya vuli.

Mbu wa mvua ni wale waitwao anofelesi, ambao hueneza pia malaria. Hawa hupenda maji yaliyo safi kidogo: madimbwi ya mvua, nyayo za ng'ombe zilizojaa maji, mashimo ya wachimba mchanga na majaruba ya mpunga. Iko aina moja ya anofelesi hapa Pwani ambayo huvumilia hata maji ya chumvichumvi yaliyo kandokando ya mikoko. Kwa hiyo wakaao karibu na vijito vya Port Reitz na Tudor wasidhani kuwa maji ya bahari ni ulinzi.

Udongo nao hugawa maji kwa namna mbalimbali. Upande wa Changamwe vilima vimesimama juu ya mwamba laini ambao, ukioza, huwa udongo wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha hapo maji hayanywewi upesi. Hutuama njiani na katika mifereji kwa siku nyingi. Likoni na Kisauni, katika ukanda ulio karibu na bahari, chini kuna mawe ya matumbawe. Maji ya mvua hupenya upesi katika mawe hayo, na mtu akiona uwanja wake umekauka siku mbili baada ya mvua hudhani kuwa amesalimika. Lakini maji hayakwenda mbali. Yako chini kidogo tu, na mtu achimbapo shimo la choo katika mawe yale mara nyingi huyafikia.

MBU WA SHIMO

Habari hii ya shimo ndiyo inayostahili kufikiriwa zaidi na watu wa Mombasa upande wa bara, kwa sababu yuko mbu wa pili. Huyu huitwa kuleksi. Yeye hana haja na dimbwi safi. Hupenda maji machafu, yaliyooza, yenye kivuli, kama yale ya vyoo vya shimo vyenye maji, makaro yaliyopasuka vifuniko, na mitaro iliyozibwa na takataka. Humo hutaga mayai yake hata wakati mbingu ni kavu kabisa. Kuleksi hangojei masika. Kila nyumba yenye shimo la maji lililo wazi humpa msimu wa mvua usiokwisha mwaka mzima.

Kwa nini jambo hili liwe kubwa? Kwa sababu matende hayafanani na malaria. Mtu aweza kupata malaria kwa kuumwa na mbu mmoja tu mwenye vimelea. Lakini mnyoo wa matende hauongezeki ndani ya mbu; kitoto kimoja kikiingia hutoka mnyoo mchanga mmoja tu, tena wengi hupotea njiani. Ili mume na jike wa minyoo wakutane ndani ya mwili mmoja na kuzaa, mtu sharti aumwe mara nyingi sana, mamia au maelfu ya mara, kwa miezi na miaka. Ndiyo maana mgeni alalaye Pwani juma moja hapati matende, naye aliyezaliwa hapo huyapata taratibu, akiwa ameambukizwa utotoni na kuona uvimbe akiwa mtu mzima. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni hesabu ya kuumwa.

Basi hesabu yenyewe ndiyo hii. Mvua peke yake ingewapa mbu nafasi ya miezi michache ya masika na michache ya vuli, kisha ukavu wa kaskazi ungewapunguza. Shimo la choo huifuta likizo hiyo. Mbu wa mvua wakipungua, mbu wa shimo huendelea na kazi, na ule mwili wa binadamu haupumziki hata mwezi mmoja. Joto na unyevu ni vya Mwenyezi Mungu, lakini miezi ile ya ziada ni kazi ya mikono ya watu.

MFANO WA MAKUNDUCHI

Neno hili si dhana tu. Limejaribiwa huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, mahali penye hewa na mawe ya namna moja na pwani ya Kenya. Mnamo mwaka 1988 vyoo vyote vya shimo vyenye maji vilivyokuwa na viluwiluwi vya mbu vilitiwa chembe ndogo za plastiki nyepesi, ile ile itumikayo kufungia vyombo visivunjike. Chembe hizo huelea juu ya maji na kufanya tabaka nene. Kiluwiluwi hupanda juu kuvuta hewa, asipate pa kupenya. Na mbu jike ajapo kutaga hayaoni maji. Wakati huo huo watu wa mji walipewa dawa ya kuua minyoo.

Mbu walipungua kwa zaidi ya tisa katika kila kumi. Kabla ya kazi ile, karibu nusu ya watu waliopimwa walikuwa na vitoto vya minyoo katika damu. Baada ya dawa kiasi hicho kilishuka sana, na katika miaka iliyofuata kiliendelea kushuka ingawa dawa haikurudiwa. Mahali pengine palipopewa dawa bila ya kushughulikia vyoo, maradhi yalianza kupanda tena baada ya miaka michache. Hewa ya pande zote mbili ilikuwa moja, na watu walipewa dawa pande zote mbili. Kilichotofautiana ni mashimo.

DAWA KATIKA PWANI YA KENYA

Katika Kenya, kugawa dawa kwa watu wote kulianza wilaya ya Kilifi mwaka 2002, kisha Kwale na Malindi mwaka 2003. Dawa zilizotolewa ni mbili, zilizomezwa pamoja mara moja kwa mwaka: dayethilikabamazini na albendazoli. Walakini kazi hiyo haikufanyika kila mwaka kama ilivyotakiwa. Iko miaka iliyopita bila dawa, na wengi walihofu kuwa maradhi yangerudi.

Watafiti waliopima watu wa vijiji vya Kwale walitangaza mwaka 2011 jambo la kutia moyo. Maradhi yalikuwa yamezidi kupungua ingawa miaka ile ilirukwa. Katika kutafuta sababu waliangalia vyandarua vyenye dawa vilivyokuwa vimegawiwa kwa ajili ya malaria. Mbu wa mvua, mwenye kuchukua maradhi yote mawili, alikuwa amezuiwa kumfikia mtu usiku. Chandarua kimoja kilifanya kazi ya ulinzi wa namna mbili.

Mwaka 2018 sehemu ya Jomvu, iliyokuwa ndani ya jimbo la Changamwe kabla ya uchaguzi wa mwaka 2013, ilichaguliwa pamoja na Lamu ili watu wake wapewe dawa tatu kwa pamoja: zile mbili za kwanza na ivamektini. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshauri njia hiyo mwaka 2017 baada ya kuonekana kuwa dawa tatu husafisha damu kwa muda mrefu kuliko mbili. Jambo la kukumbuka kwa watu wa Mombasa ni kwamba Jomvu si kijiji cha mbali msituni. Ni sehemu ya jiji, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi, ambako makarani na wafanyakazi wa bandari wamepanga nyumba. Matende si maradhi ya shamba tu.

Aidha, wako waliokataa dawa kwa sababu walijiona wazima. Huko ni kutojua desturi ya mnyoo. Mtu aweza kuwa na vitoto vya minyoo katika damu kwa miaka mingi bila homa wala uvimbe, na mbu akamnyonya yeye na kumpelekea mtoto wake alalaye chumba kile kile. Ila watoto wadogo sana, wanawake wajawazito na watu wagonjwa sana hawapewi dawa hizi, nao hulindwa na wengine wanaozimeza. Nchi za Togo na Malawi zilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa zimeyaondoa matende yasiwe tena tatizo la afya ya watu wote, Togo mwaka 2017 na Malawi mwaka 2020. Zote mbili ni nchi za joto na mvua.

NGOZI ILIYOKWISHA KUVIMBA

Dawa ya minyoo haiurudishi mguu uliokwisha kuwa tende, na wengi wakisikia hivyo hukata tamaa. Hilo ni kosa, kwa kuwa mguu wa tende huzidi kuharibika kwa sababu nyingine, na sababu hiyo nayo hufuata hewa. Ngozi yenye mikunjo hushika jasho na maji. Katika miezi ya mvua na joto huchubuka kati ya vidole, na vijidudu vya uchafu huingia hapo. Ndipo mtu hushikwa na homa ya ghafula, baridi ya kutetemeka, mtoki katika kinena, na mguu kuwaka moto kwa siku kadhaa. Kila homa ya namna hiyo huuacha mguu ukiwa mkubwa na mgumu kuliko kwanza. Mkulima aendaye bondeni miguu mitupu wakati wa masika huzidi kupatwa.

Kinga yake si ya gharama. Mguu uoshwe kila siku kwa sabuni na maji safi, pamoja na kila mkunjo na kila nafasi kati ya vidole, kisha ukaushwe vizuri kwa kitambaa kisafi bila kusuguliwa kwa nguvu. Michubuko itiwe dawa ya zahanati. Mtu akaapo, na auweke mguu juu ya kiti au mto. Alalapo, auinue kidogo. Na auchezeshe kifundo mara kwa mara. Viatu vipana visivyobana ni dawa pia. Wagonjwa waliofuata mambo haya wamepunguziwa homa, na ngozi yao imelainika. Kwa mabusha, upasuaji huweza kumrudisha mtu kazini, na haifai kuyaficha mpaka yawe makubwa.

KAZI YA KILA NYUMBA

Kwa mbu wa shimo, kila choo kiwe na kifuniko, na bomba la hewa liwe na wavu juu. Kila karo lililopasuka lizibwe, na mitaro izibuliwe kabla ya masika. Wako wanaomimina mafuta machafu ya gari chooni ili kuua viluwiluwi. Likoni na Kisauni jambo hilo lina hatari, kwa maana katika mawe ya matumbawe maji ya choo na maji ya kisima huweza kukutana chini, na mafuta yatiwayo upande mmoja huweza kutokea kwenye ndoo upande wa pili. Mpangaji asiye na mamlaka juu ya choo aseme na mwenye nyumba, tena wapangaji wote waseme pamoja, kwa sababu mbu wa shimo moja huwauma wakaao mlango wa kwanza na wa mwisho sawasawa.

Kwa mbu wa mvua, madimbwi yafukiwe, na kila alalaye alale ndani ya chandarua mwaka mzima, hata katika kaskazi mtu aonapo mbu wamepungua. Dawa zikiletwa mtaani, kila anayestahili azimeze mbele ya mgawaji, mwaka huo na kila mwaka utakaotangazwa. Mapema kuliko yote ni kazi ya mwezi wa Februari na Machi, wakati ardhi ni kavu na viluwiluwi vya mvua havijazaliwa. Wakati huo karibu mbu wote wanaouma usiku wametoka mashimoni, na mashimo yanajulikana yalipo.